Ngazi, Vidole na Uhuru wa Mpiga Piano

Lipo swali ambalo walimu wa lugha na walimu wa muziki hushirikiana, ingawa ni nadra kukutana na kulizungumza: je, mtu anayerudia jambo moja mara mia, kwa utaratibu uliopangwa na mwingine, anafundishwa kuwa huru au anafundishwa kutii? Katika makala haya tunakusudia kulitazama swali hilo kwa kupitia jambo dogo, nalo ni zoezi la kupiga ngazi ya jazi juu ya piano. Hatukulichagua kwa kudhani kwamba wasomaji wetu wengi wana piano sebuleni. Tumelichagua kwa kuwa jazi husifiwa kuwa muziki wa uhuru, ambamo mpigaji hutunga papo kwa papo mbele ya wasikilizaji wake, na hali wengi katika wapigaji wake mashuhuri ni watu waliotumia miaka mizima ya ujana wao wakirudia ngazi chumbani. Uhuru unaoshangiliwa hadharani umelipiwa faraghani kwa utaratibu ambao hakuna aliyeushangilia. Je, utaratibu huo ni bei tu ya uhuru, mithili ya nauli ya basi, ambayo mtu angeikwepa lau angeweza? Au ni sehemu ya uhuru wenyewe?

Kabla ya kwenda mbali, yafaa tuliondolee utata neno "jazi". Katika nchi zetu neno hilo limekuwa jina la bendi kwa muda mrefu. OK Jazz iliyoanzishwa mwaka 1956 katika mji wa Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, pamoja na Morogoro Jazz na Western Jazz za Tanzania, zote zilijiita hivyo ingawa muziki wake ulikuwa rumba na dansi la magitaa. Jazi tunayoizungumzia hapa ni ile iliyobuniwa na Wamarekani weusi, ikakulia New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20, kisha ikasafiri hadi Chicago, Kansas City na New York. Undugu upo kati ya muziki huu na ule wa bendi zetu, lakini ni undugu wa mababu, si wa tumbo moja.

Ngazi, ambayo wanamuziki wa bendi huiita skeli, ni sauti zilizopangwa kwa kufuatana kutoka ya chini hadi ya juu. Waliopitia kwaya za shule na za makanisa wanaijua ile ya Do, Re, Mi, Fa, So, La, Ti. Ngazi ya bluzi, ambayo mara nyingi ndiyo ya kwanza kupewa mwanafunzi wa jazi, ina sauti sita tu: Do, Mi iliyoshushwa nusu sauti, Fa, Fa iliyopandishwa nusu sauti, So, na Ti iliyoshushwa nusu sauti. Baada ya hapo ni Do ya juu, na safari huanza upya. Ukiianzia kwenye kibao kile ambacho vitabu hukiandika kwa herufi C, vibao hufuatana kwa namna inayopendeza macho: cheupe, cheusi, cheupe, cheusi, cheupe, cheusi, na cheupe tena. Mkono wa kulia huanza kwa gumba, ukafuata kidole cha shahada, cha kati na cha pete. Halafu gumba hupita chini ya vidole vingine na kuipokea So. Mtoto mwenye bidii huweza kuyakariri hayo yote kabla ya chakula cha jioni.

Shida huja kesho yake, mwalimu anapomwambia aianze ngazi hiyohiyo kutoka F. Sasa vibao ni cheupe, cheusi, cheusi, cheupe, cheupe, cheusi, cheupe. Ile sura nzuri ya jana imetoweka, gumba halijui pa kupita, na mwanafunzi aliyekuwa akijisifu anapapasa kama mtu aliyezimiwa taa. Hapo hudhihirika kwamba alichokuwa amejifunza jana kilikuwa mpangilio wa vibao, wala haikuwa ngazi. Ngazi ni uhusiano wa sauti na sauti, nao haubadiliki hata mahali pa kuanzia pakibadilika. Mahali pa kuanzia ni 12, na ndiyo maana waalimu wakali hudai ngazi moja ipigwe mara 12 kabla haijahesabiwa kuwa imejulikana. Sisi tunaofundisha Kiswahili mahali ambapo si lugha ya nyumbani tunalijua jambo hili kwa sura nyingine. Mwanafunzi hutuimbia "kitabu kile kimeanguka, vitabu vile vimeanguka" bila kukosea hata mara moja, kisha akienda sokoni akataka kumwambia muuzaji kwamba kikapu chake kimetoboka, ulimi unakwama. Kitabu alikijua, ngeli hakuijua.

Lawama ya kwanza dhidi ya mazoezi ya namna hii ni kwamba humgeuza mtu kuwa mashine. Wanaoitoa si watu wa kupuuzwa. Wanasema kwamba vidole vilivyozoea njia moja haviwezi tena kuiona njia ya pili. Kwamba mpigaji aliyekariri ngazi atakapofika mahali pa kutunga hatatunga, atatapika alichokariri. Wanaongeza kwamba mambo mazuri ya sanaa hutoka moyoni, na moyo haujui kuhesabu moja, mbili, tatu, nne.

Kuhusu moyo kutojua kuhesabu, tunaruhusu mashaka. Ama kuhusu mashine, hebu tumtazame Charlie Parker, mpiga saksafoni aliyezaliwa Kansas City mwaka 1920, ambaye hapana anayemshitaki kwamba alikosa moyo au ubunifu. Katika mazungumzo ya redio ya mwaka 1954 alieleza kwamba katika ujana wake alikuwa akifanya mazoezi kati ya saa 11 na 15 kwa siku, kwa muda wa miaka mitatu au minne. Tukichukua hata nusu ya hesabu hiyo, kwa kuwa wasanii hupenda kutia chumvi, bado tunabaki na maelfu ya saa za kurudia. John Coltrane naye alijulikana kwa kutoliweka chini saksafoni lake hata wakati wa mapumziko, na miongoni mwa vitabu alivyovifanyia mazoezi ni mkusanyo mkubwa wa ngazi uliotolewa na Nicolas Slonimsky mwaka 1947, kitabu kisichokuwa na wimbo hata mmoja ndani yake. Kama mazoezi huua ubunifu, watu hawa walipaswa kuwa maiti wa kwanza.

Lakini hoja ya mifano haitoshi, maana mpinzani atasema kwamba hao walikuwa na vipaji vya pekee na waliokoka mazoezi yao kama mtu anavyookoka ugonjwa. Yatupasa tueleze ni kitu gani hasa hutendeka ndani ya mtu anayerudia.

Wanafalsafa wa kale waliligusa jambo hili. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, alifundisha kwamba mtu huwa mpiga zeze kwa kupiga zeze, na vivyo hivyo huwa mwadilifu kwa kutenda matendo ya uadilifu. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, naye alipozungumzia malezi ya nafsi katika Ihya alitoa mfano wa mwandishi wa khati. Anayetaka kuwa na hati nzuri, alieleza, hana njia ila kuiga kwa mkono wake matendo ya mwandishi hodari, kwa kujilazimisha, tena na tena, mpaka uzuri ule uwe tabia iliyokita ndani yake na kumtoka bila taabu. Na mtu bahili anayetaka kuwa mkarimu afanye vivyo hivyo, atoe mali yake kwa kujilazimisha mpaka kutoa kumzoee. Tunaona kwamba wote wawili wanalikataa wazo ambalo vijana wengi wanalipenda, kwamba ni lazima mtu awe kitu kwanza ndani yake ndipo akitende kwa nje. Wao wanasema mlango uko upande wa nje. Mkono hutangulia, na nafsi huufuata.

Twende sasa kwenye piano tukaone kama ni kweli. Mwanafunzi anapoanza, kila sauti ni uamuzi. Anafikiri: sasa gumba, sasa cheusi, sasa Fa iliyopandishwa. Akili yake yote imezama katika vibao, na hana hata chembe iliyobaki ya kusikiliza. Huyu, tukisema kweli, hayuko huru hata kidogo. Ni mtumwa wa kila kibao. Baada ya majuma kadhaa uamuzi ule hushuka kutoka kichwani na kuingia mkononi. Mkono sasa unajua. Na jambo la ajabu ni kwamba akili iliyoachwa bila kazi hailali. Huinuka na kuanza kusikiliza. Kwa mara ya kwanza mwanafunzi anasikia kwamba ile Fa iliyopandishwa ina uchungu, kwamba haipendi kukaa, kwamba inataka kuangukia So au kurudi kwenye Fa. Haya yalikuwepo tangu siku ya kwanza. Hakuwa na nafasi ya kuyasikia.

Kwa hiyo yule anayesema kwamba zoezi humfanya mtu kuwa mashine amesema nusu ya kweli. Vidole kweli huwa mashine kidogo. Lakini mtu si vidole vyake tu, na sehemu ile iliyobaki hupata uhuru kwa kadiri vidole vinavyoacha kumsumbua. Msemaji wa lugha ni hivyohivyo. Anayelazimika kuitafuta ngeli ya kila nomino hawezi kusema uwongo vizuri, wala kubembeleza, wala kutania. Akili yake haina nafasi ya mambo hayo.

Hata hivyo tusikimbilie ushindi. Kuna kitabu cha mwaka 1978 kilichoandikwa na David Sudnow, mwanasosholojia wa Kimarekani aliyejifunza piano ya jazi akiwa mtu mzima na akaieleza safari ya mikono yake hatua kwa hatua. Mwalimu wake alimpa ngazi za kuipigia kila kodi (tunasema kodi kwa maana ya wanabendi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, wala si ile inayokusanywa na serikali). Sudnow alizifanyia kazi ngazi hizo kwa bidii. Vidole vilijua. Vilipanda na kushuka vilipotakiwa, na kila sauti iliyopigwa ilikuwa sahihi kwa mujibu wa kanuni. Na bado haikuwa jazi! Alikuwa akikimbia kutoka ngazi moja hadi nyingine, kodi ikibadilika anarukia njia mpya kama mtu anayewahi mabasi. Palipoanza kufunguka ni baadaye, alipokuwa akienda kumtazama mpiga piano mkongwe Jimmy Rowles akicheza, akawa anaangalia si vibao anavyovipiga tu, bali jinsi anavyokaa, jinsi mwili wake unavyoyapokea mapigo, jinsi mkono unavyokwenda mahali bila haraka kana kwamba una siku nzima.

Huu ndio ushahidi mzito kuliko wote dhidi ya ngazi, nao umetoka kwa mtu aliyezitii. Unatuonyesha kwamba mkono unaweza kujua sauti zote za haki na usijue kusema. Ngazi ni mahali ambapo wimbo unaweza kupita. Haielezi wimbo unaanza lini, unapumua wapi, wala una haja gani ya kuwapo. Mambo hayo Sudnow aliyapata kwa mtu, kwa kumtazama mtu mwingine akifanya. Tangu jazi ilipoingia vyuoni na mashuleni kule Marekani, ikapangwa katika vitabu vya kodi na ngazi, wakongwe wengi wamelalamika kwamba vijana wanahitimu wakiwa wepesi wa vidole lakini wanalingana kama matofali ya kiwanda kimoja. Hatuoni kwamba malalamiko hayo ni wivu wa wazee peke yake.

Ni vyema basi tuulize: ngazi hizi zimetoka wapi? Hapa uko mfano mmoja unaotufaa kuliko mingine, ile iitwayo ngazi ya bibopu. Bibopu ni namna ya jazi iliyozaliwa New York katika miaka ya 1940, ya kasi na yenye mikunjo mingi. Mpigaji wake, katika kipimo cha mapigo manne, aghalabu hupiga sauti mbili kwa kila pigo, yaani sauti nane. Ngazi ya kawaida ina sauti saba. Hesabu haikubali: ukiteremka kutoka Do kwa sauti saba, unapofika Do ya chini umekwishakosana na pigo, na sauti zile zinazoibeba kodi zinaangukia katikati ya mapigo, mahali dhaifu. Parker na wenzake, akiwemo mpiga piano Bud Powell, walizoea kuchomeka sauti moja zaidi. Kati ya Do na Ti iliyoshushwa waliitia ile Ti kamili, ambayo katika kodi hiyo haina kwao. Sasa sauti ni nane. Ukiteremka, Do inaangukia pigo la kwanza, Ti iliyoshushwa la pili, So la tatu, Mi la nne. Nazo hizo nne ndizo kodi yenyewe, imesimama wima juu ya mapigo kama nyumba juu ya nguzo. Ile sauti ya nane ni mgeni, ikikaliwa sana hukera sikio, lakini pasipo yeye wenyeji hawafiki kwa wakati.

Sasa, jina "ngazi ya bibopu" na utaratibu wa kuifundisha vilienezwa zaidi na David Baker, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Indiana, hasa kwa vitabu vyake vya miaka ya 1980. Parker alikwishafariki tangu mwaka 1955. Yaani waliopiga walitangulia, na aliyeitaja kanuni alifuata, akiwa amesikiliza santuri zao na kuuona mwenendo uliokuwa ukijirudia. Wao walikuwa wakitafuta mahali pa kuweka uzito wa wimbo. Kanuni ilikuwa nyayo walizoziacha. Wasomaji wa jarida hili watakuwa wamekwishaona tunakoelekea. Edward Steere alipotoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, hakuwaletea Waunguja upatanisho wa kisarufi ndani ya sanduku. Aliukuta vinywani mwao, tena katika vinywa vya watu ambao hawakuwa na jina la kuuita.

Mwanafunzi, basi, huanza pale ambapo mabingwa waliishia. Anapewa nyayo kabla ya kumwona aliyezikanyaga. Je, hilo ni kosa? Tunadhani si kosa, mradi tu asidanganywe kwamba nyayo ndizo mtu. Mwalimu anayempa kijana ngazi ya bibopu bila kumsikilizisha Powell hata mara moja anafanana na yule anayefundisha mnyambuliko wa vitenzi mwaka mzima bila kusoma hadithi moja darasani. Wapo walimu wa namna hiyo katika fani zote mbili, na kwa kawaida ni watu wa bidii sana.

Liko suala lingine, zito zaidi, ambalo hatuwezi kulipita. Ngazi ya bluzi haikutoka katika chuo. Iliokotwa katika sauti za watu waliouzwa na watoto wao waliolima pamba za wengine. Ni namna yao ya kulia na ya kucheka kilio chao. Leo kijana wa ukoo wo wote, Ulaya au Japani au kwetu, huikariri kwa dakika 20 kila asubuhi kabla ya chai. Je, ana haki? Au ni kama mtu anayejifunza kulia kwenye msiba asioujua marehemu wake?

Piano yenyewe inatupa sehemu ya jibu. Sauti zile za bluzi, hasa ile Mi, kwa kweli hazimo katika vibao. Mwimbaji wa bluzi huiweka Mi yake mahali fulani kati ya Mi iliyoshushwa na Mi kamili, naye huivuta na kuilegeza atakavyo. Mpiga gitaa hufanya hivyo kwa kuusukuma uzi. Piano haiwezi. Vibao vyake 88 vimekwishaamua, na baina ya kibao na kibao hamna kitu. Kwa hiyo wapiga piano waligundua hila: huteleza kutoka kibao cheusi cha Mi iliyoshushwa hadi cheupe cha Mi kamili kwa kidole kimoja, upesi, au huvipiga vibao viwili jirani kwa pamoja ili sikio liitafute ile sauti iliyofichika baina yake. Thelonious Monk alikuwa bingwa wa vibao jirani kupigwa pamoja, na wasiomwelewa walidhani anakosea.

Maana yake ni kwamba ngazi iandikwayo kitabuni ni makadirio. Aliyeijua ngazi peke yake amejua vibao viwili vilivyo karibu na ukweli. Ukweli wenyewe umo katika pengo. Na pengo hilo hakuna zoezi la vidole linaloweza kulifunua kwa mtu ambaye hajawahi kuwasikiliza wenye kuimba. Hapa ndipo tunapoliona jibu la suala la haki. Hatuamini kwamba muziki una uraia wa damu, kwa maana hapo hata lugha yetu isingefundishika ng'ambo ya pwani yake. Lakini tunaamini kwamba yuko mwizi na yuko mgeni, nao hutofautishwa kwa jambo moja: mgeni huuliza habari za nyumba. Anayejizoeza ngazi ya bluzi huku hajali kujua imetoka katika koo za nani, huyo amechukua vibao sita akaacha kilichomo ndani. Hata hakufaidika na wizi wake.

Tumesema mengi juu ya mazoezi kwa jumla. Kuna namna ya kufanya mazoezi ambayo pia ina maadili yake. Mwanafunzi akiachwa peke yake hupenda kukimbia. Kasi huficha mambo: sauti moja ikikosewa katikati ya mbio hakuna atakayeigundua, hata yeye mwenyewe hujifanya hakuisikia. Ukimwambia apige polepole, pigo moja kwa sekunde moja, kila kasoro husimama uchi. Gumba limechelewa. Kidole cha pete hakina nguvu. Sauti ya nne imepigwa kwa kishindo kwa sababu mkono uliogopa kuikosa. Kupiga polepole ni kukubali kujiona, na tumewaona watu wazima wenye vyeo vyao wakilikataa zoezi hilo kwa hasira ambayo haikuwa na uhusiano wo wote na muziki. Watu wa jazi huongeza sharti moja zaidi: wakitumia kile chombo cha kupigia mapigo, hawakiruhusu kiwahesabie mapigo yote manne, hukitegesha ili kipige la pili na la nne tu. Pigo la kwanza na la tatu mwanafunzi hana budi kuyabeba mwenyewe kimoyomoyo. Chombo kinamsimamia, lakini kimemwachia nusu ya amana. Tungependa kuona mtihani wa lugha uliotungwa kwa hekima ya namna hiyo.

Na ni nani aliye shahidi wa uaminifu huo? Hakuna. Anayepiga ngazi chumbani akiiruka ile ya F kwa kuwa ni ngumu hatakamatwa leo. Atakamatwa baada ya miezi, siku ambayo wimbo utapita F na mkono wake utakuwa mzito kwa ghafla. Hadhira itadhani ameamua kunyamaza kidogo kwa ajili ya uzuri.

Walimu wengi wataukumbuka ule ugomvi wa ushairi uliowaka katika miaka ya 1970. Upande mmoja walisimama wenye kushika kanuni za vina na mizani, kama zilivyoelezwa na Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954. Upande wa pili wakasimama waliozivunja, kama Euphrase Kezilahabi na Kichomi chake cha mwaka 1974. Hatuna nia ya kuufufua. Ila tunaona kwamba pande zote mbili zilikubaliana katika jambo moja bila kujua, kwamba kanuni na uhuru ni ncha mbili za kamba moja, ukivuta huku unapunguza kule. Mpiga piano wa jazi hakubaliani nao. Yeye anajua kwamba aliyeizoea ngazi hadi mkono ukaisahau anaweza kuivunja akaeleweka kwamba ameivunja. Na asiyeijua hawezi kuivunja, anaweza kuikosa tu. Msikilizaji huzitambua hali hizi mbili mara moja, hata kama hajui jina la sauti hata moja.

Suala linalobaki ni lini mtu aruhusiwe kuacha ngazi na kuanza kupiga muziki. Wako wanaosema miaka miwili, wako wasemao mitano. Sisi tunaona kwamba swali lenyewe limewekwa vibaya, kwa kuwa linazifanya ngazi na muziki kuwa vyumba viwili vyenye mlango mmoja ambao mwalimu ameshika ufunguo wake. Barry Harris, mpiga piano aliyezaliwa Detroit mwaka 1929, hakufundisha hivyo. Yeye aliwakusanya wanafunzi wa kila kiwango katika chumba kimoja kule New York, kwanza na baadaye katika kumbi mbalimbali, na kati ya mwaka 1982 na 1987 katika ukumbi aliouanzisha yeye mwenyewe. Mafundisho yake aliyajenga juu ya ngazi yenye sauti nane, ile ya Do, Re, Mi, Fa, So, kisha La iliyoshushwa, La kamili na Ti. Ukiziokota sauti zake kwa kuruka moja moja unapata kodi mbili zinazopokezana, moja ya kutulia na moja ya kutaka kwenda. Mwanafunzi hupiga ya kutulia, kisha ya kwenda, kisha ya kutulia, hatua kwa hatua mpaka juu ya piano, na tangu siku ya kwanza anakuwa amekwishaushika mwendo ambao nyimbo zote hutembea kwao: kutoka nyumbani na kurudi nyumbani. Humo zoezi na muziki havitengani, na mwanafunzi wa juma la kwanza hukaa benchi moja na mwenye santuri zake sokoni.

Harris alifariki mwezi Desemba mwaka 2021, zikiwa zimebaki siku chache atimize miaka 92. Alikuwa akifundisha karibu hadi mwisho, na ngazi aliyokuwa akiwapa ilikuwa ileile ya sauti nane, ipigwe kutoka kila mahali, polepole kwanza.